Reli hazikutuaga: maneno kwa wapenzi wa maketi ya treni, Lubumbashi

Wengi walikosa kufika ku mkutano wetu, sisi wenye kutengeneza maketi, treni na vituo vidogo vya mezani, ile siku ya Mungu juu ya mvua, wakaomba nitume maneno yote vile nilivyoyasema, basi haya hapa. Picha za ku ukuta nimeziacha.

Bandugu, batata na bamama, vijana, na zaidi ninyi wazee bashemino, watu wa kazi ya reli, mliotoka Makomeno, mtaa wa bashemino, jambo yenu wote. Asante kwa kukuja na matope yote haya. Naona na jezi za Lupopo pale nyuma, karibuni sana, timu yenu ilizaliwa 1939 na mpaka leo inaitwa Bashemino, kwa hiyo leo hamko wageni hapa.

Kuna swali moja, na kila mmoja wetu ameshaulizwa. Mtu anafika mbele ya meza zetu, anaangalia, anafurahi, halafu anauliza: lakini juu ya nini ninyi wote mnatengeneza vituo vya porini? Juu ya nini si treni za mbio za Ulaya ao za China? Juu ya nini kituo chenye reli mbili na mwembe mmoja, tena kituo ambacho treni haisimami tena? Mnatafuta nini pale?

Wengine wanajibu haraka kwamba ni mambo ya uzee. Mimi sikubali. Vijana walioko hapa, wengi hawajapanda treni hata mara moja, na ndio wanakata karto mpaka usiku wa manane. Mtu anaweza kutamani kitu ambacho hakukiona? Anaweza kabisa. Alikisikia kwa mama yake, alikisikia kwa nkambo wake, alikulia karibu na reli yenye majani na akauliza hii chuma inaenda wapi, na hakuna mkubwa aliyemjibu vizuri.

Niwapeleke mbali kidogo kwanza. Uingereza, upande wa Devon, kuna mji mdogo unaitwa Ashburton. Ulikuwa na tawi la reli toka Totnes, kama kilometa 15 tu. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, na paa la mbao linalofunika reli ambapo treni inasimama. Treni za abiria ziliisha 1958, za mizigo 1962. Hakuna kitu kikubwa kilichotokea Ashburton, hakuna mfalme, hakuna vita, lakini muulize mpenzi yeyote wa maketi kule, Ashburton anaijua, juu wametengeneza hicho kituo tena na tena, ku vyumba vya kulala, ku gereji, chini ya ngazi. Mwaka wa nyuma yake, 1963, mkubwa wa reli za Uingereza, Richard Beeching, akatoa ripoti: vituo 2,363 vifungwe, reli ya karibu kilometa 8,000 ing'olewe, juu hazileti pesa, watu wamenunua mituka na mizigo imepanda kamyo. Sehemu kubwa ya ile orodha ikafuatwa. Na Waingereza waliobaki na hamu hawakuanza kutengeneza gare kubwa za London. Walienda kwa Ashburton na ndugu zake.

Juu ya nini? Sababu ya kwanza ni hesabu, tuiseme haraka. Sisi tunafanya kazi ku kipimo cha 1 kwa 87. Kilometa moja ya kweli inakuwa mita 11 na nusu ku meza. Nani hapa ana meza ya mita 11? Gare yetu ya Lubumbashi na reli zake zote za kupanga mawagoni ingekula hii sali nzima na barabara ya inje. Lakini kituo cha porini cha mita 300, toka mshale wa kuingilia, pale reli inagawanyika, mpaka mshale wa kutokea, kinakuwa mita 3 na nusu. Kinaingia ndani ya chumba, bibi yako hakufukuzi.

Lakini bandugu, nyumba kubwa ikikuja leo, mtatengeneza gare kubwa? Hapana, hamtaitengeneza, nawajua. Sababu ya pili njo ya kweli. Ku kituo kidogo mtu mmoja anauza tiketi, yeye huyo anapiga kengele, yeye huyo anageuza mshale. Mashinisti anaona mama anakimbia na kitunga kichwani, anamungojea. Ku gare kubwa treni inapita katikati ya watu, ku kituo kidogo treni ni ya watu. Hicho njo kitu tunatengeneza. Chuma ni ya kukibebea tu.

Kulikuwa na Mwingereza mmoja, John Ahern, miaka ya 1930, alitengeneza maketi ya bonde ambalo haliko ku karte yoyote, na mji wake, na vilabu vya pombe, na bandari. Wenzake wakati ule walikuwa wanapenda mashini tu, mashini zinazunguka mezani zikipita juu ya mbao tupu. Yeye akaweka nchi kwanza, reli ikapita ndani yake kama kitu kimoja kati ya vitu vingine. Ile maketi iko mpaka leo, inatunzwa ndani ya museo ya Pendon. Nawaomba mkumbuke hilo jina, nitalirudilia.

Sasa tukuje kwetu, na hapa njo nataka munisikie vizuri.

Uingereza reli ilifungwa kwa tarehe. Ilitangazwa. Siku ya treni ya mwisho watu walikuja na familia, na maua yakafungwa mbele ya mashini, kila mtu na aparey yake ya foto. Ubelgiji vilevile: ile shirika ya reli ndogo za vijijini, Vicinal, iliyoanza 1885, ilikuwa na reli karibu kila kona ya nchi, halafu kisha vita wakaanza kuing'oa kipande kwa kipande mpaka ikabaki kidogo sana, kama ile tramu ya pembeni ya bahari ya kilometa 67. Lakini walipiga foto, waliweka karte, waliandika tarehe. Pays de Galles (Wales), 1951, watu wa kujitolea wakachukua reli ya Talyllyn wakaiendesha wenyewe, wa kwanza dunia nzima. Waliweza juu walijua ni lini inataka kufa.

Kwetu je? Kuna chache zenye mwaka. Wandugu wa Kivu walikuwa na reli yao, mnajua hiyo? Toka Uvira mpaka Kamanyola, ndani ya bonde la Ruzizi, ya kuunganisha ziwa Tanganyika na ziwa Kivu, haikufika hata Bukavu, ikafungwa 1958. Ile ya Boma mpaka Tshela, ku Mayumbe, ikafungwa 1984. Basi, hizo unaweza kuandika. Lakini Vicicongo, ile ya kaskazini ya nchi? Reli nyembamba ya sentimeta 60, ilianza 1924, toka Aketi, Buta, Isiro, mpaka Mungbere, ilibeba pamba ya nchi nzima ya Uele. Ni siku gani ilikufa? Na matawi yetu ya hapa Katanga? Na vile vituo vidogo vya njia ya Bukama ambavyo treni inapita leo bila kupunguza mwendo, vilifungwa lini? Nani alitangaza? Nani alileta maua?

Hakuna. Reli zetu hazikutuaga. Treni ilichelewa siku moja, watu wakalala pale pale. Ikachelewa siku tatu, wakarudi nyumbani. Ikachelewa poso nzima, wakatafuta baiskeli. Mpaka majani yakaota na hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuleta aparey ya foto, juu kila mtu alifikiri itakuja.

Nilienda kuona mzee mmoja aliyekuwa shefu wa gare ku kituo kidogo cha njia ya kaskazini. Sitaji jina lake, hakutaka. Nilikuwa na daftari, nikamuliza swali langu la kwanza: tata, kituo chenu kilifungwa mwaka gani? Akanyamaza. Akasema, hakuna mtu aliyeniletea barua ya kufunga. Nilikuwa naandika ku rejista kila asubuhi, na saa, na penseli ya bluu, hakuna treni, hakuna treni, hakuna treni, mpaka rejista ikaisha na nyingine haikukuja. Nikamuliza tena, lakini kwa kufikiri kwako, ni mwaka gani? Akauliza bibi yake. Bibi akasema: ni ule mwaka mama wa munkoyo, mwenye kuuza kile kinywaji cha mahindi, alihamisha meza yake ku barabara. Mzee akasema ndiyo, ndiyo, njo huo. Wakaanza kuhesabia wote wawili: kwanza mama wa munkoyo alienda barabarani, halafu wale wa viazi vitamu, halafu bamama wa samaki mukavu ya Bukama, mwisho watu wa makala. Na kila jina, na alikaa wapi, upande gani wa mwembe. Nimeandika mpaka mkono ukauma.

Mnaona? Soko lilihama kwanza, kituo kikafa nyuma yake. Mimi nilikuwa natafuta tarehe ya treni ya mwisho, na haiko. Tarehe iko kwa bamama. Mkitaka kujua kituo kilikufa lini, muulize nani aliuza pale na aliacha lini kuuza, mtapata mwaka, na mtapata maketi yote pamoja nayo.

Sababu za kufa kwenyewe nyote mnazijua, nisizungushe. Vita ya Angola ikakata njia ya kwenda bandari ya Lobito kuanzia 1975, ile njia iliyounganishwa na yetu 1931 kupitia Dilolo. Halafu shaba ikaanguka: Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka miaka ya 1980, 1993 ikashuka chini ya 50,000. Bila shaba hakuna pesa ya mataruma, bila mataruma mashini inaenda pole, ikienda pole mwenye mzigo anatafuta kamyo. Leo angalieni mlolongo wa makamyo ku Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, mtaelewa mzigo ulienda wapi.

Sasa kuna jambo lingine, gumu, na najua wengine hamtalipenda.

Hamu ya zamani inaweza kusema uongo. Maketi inaweza kusema uongo kuliko kitabu, juu ni nzuri, ni ndogo, ina taa, watoto wanaipenda. Reli ilifika hapa 1910 ikitokea kusini, ikafika Bukama 1918, Ilebo 1928. Ilijengwa na nani? Watu walichukuliwa ku vijiji vyao kwa nguvu, wengi hawakurudi, kiboko ilikuwa chombo cha kazi sawa nyundo. Na mawagoni ya Wazungu na mawagoni ya weusi hayakuwa yale yale. Hapa Lubumbashi tuna mapokeo makubwa ya picha za ukumbusho, wachoraji wetu hawakuficha. Tshibumba Kanda Matulu, miaka ya 1970, alichora historia ya hii nchi ku turubai za magunia ya unga, na kiboko akaiweka pale pale mbele, katikati ya picha, mtu amelala chini anapigwa na wenzake wanaangalia. Picha zake watu walizitundika ndani ya nyumba, mahali pa kupokelea wageni. Kama mchoraji aliweza, sisi bamaketi tunashindwa na nini?

Niwaambie kitu kilichotokea ndani ya kikundi chetu. Kijana mmoja, mkono wake ni wa Mungu, alitengeneza gare ya Likasi. Kila dirisha, kila nguzo ya umeme, juu mnajua reli yetu ya Likasi mpaka Tenke ilipata umeme wa volti 25,000 tangu 1952, nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado hazijaanza umeme wa namna hiyo. Kazi safi sana. Tukaionyesha. Mama mmoja akakuja, akaisimamia muda mrefu, akauliza kwa sauti ya chini: na watu wako wapi? Kijana akamuonyesha vile vidoli viwili vya karibu na mlango. Mama akasema, hapana, watu. Sisi tulilala hapa. Tulipika hapa.

Ilikuwa 1992 na 1993, wandugu zetu wa Kasai walifukuzwa ndani ya majumba yao, wakajaa ku gare ya Likasi na ya Kolwezi, wakingoja treni ya kuwapeleka, na treni ilikuwa haba, na watoto na wazee walikufa pale pale wakingoja. Wengine mlioko ndani ya hii sali mnajua vizuri kuliko mimi, na wengine mna sababu ya kuangalia chini.

Tulibishana sana juu ya ile maketi. Wamoja walisema hii ni kazi ya kufurahisha roho, tusilete maiti. Wengine walisema basi tuivunje. Kijana mwenyewe akapata njia, na mimi naona ni njia nzuri. Akaandika mbele ya mbao, kwa herufi kubwa: LIKASI 1956. Halafu akatengeneza mbao ya pili, kituo kile kile, kuta zile zile, akaandika LIKASI 1993, akaweka magodoro, sufuria, masanduku, mabaluzi, watu wengi sana, na reli tupu. Anazionyesha pamoja. Mama yule alirudi na watoto wake.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa nguvu: kila maketi ya kikundi hiki iandikwe mwaka mbele. Hakuna kutengeneza zamani tu, zamani bila mwaka. Unataka kutengeneza 1956 na bendera ya Ubelgiji? Tengeneza, lakini uandike, na wagoni ya weusi iwe wagoni ya weusi. Mwaka ukiandikwa, mtazamaji anajua anaangalia nini, na mzee anayepita anaweza kukurekebisha.

Basi tukuje ku kazi ya mikono, hapa roho yangu inafurahi zaidi.

Nilisema nitarudi kwa Pendon. Ile museo iko kijiji cha Long Wittenham. Ilianzishwa na Roye England, kijana aliyetoka Australia 1925. Alifika akaona nyumba za zamani za lile bonde, za majani juu, zinabadilishwa moja moja, huku baati, kule tofali mpya. Hakuandika shairi la kulia. Alichukua mita akaanza kupima. Mlango, dirisha, bomba la moshi. Akatengeneza zile nyumba ndogondogo, na wenzake wakaendelea miaka na miaka. Alipima wakati nyumba zilikuwa bado zimesimama, neno lenyewe njo hilo. Sisi vituo vyetu vingi bado vina kuta. Paa zimeibiwa, milango imeibiwa, lakini kuta ziko, na ukuta unapimika.

Vijana mnaoanza, mnaogopa kwamba vifaa ni vya Ulaya na reli yetu si ya Ulaya. Sikieni. Reli yetu ina upana wa milimita 1067. Gawanya kwa 87, unapata 12 na kitu kidogo. Wafaransa na Waswisi wenye kutengeneza reli zao za mita moja wanatumia reli ya milimita 12, inauzwa tayari. Ni yetu hiyo. Kwa macho hakuna anayeona tofauti.

Paa la baati, usinunue. Chukua karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula, ilaze juu ya karto laini. Chukua buloni ya milimita 5, ile yenye nyuzi, iviringishe juu ya karatasi pole pole ukikandamiza. Nyuzi za buloni ya 5 ziko na umbali wa milimita 0.8, na mawimbi ya baati ya kweli, ukiyagawanya kwa 87, yanafika karibu pale pale. Inatoka baati kamili, mpaka unatamani kusikia mvua juu yake. Kata vipande vya sentimeta 2 na nusu, vipandishe kimoja juu ya kingine sawa fundi anavyofanya, ukianza chini. Kutu? Kwaruza kutu ya kweli ku chuma yoyote ya zamani, changanya na kole kidogo ya maji, pitisha na brosi karibu kavu, zaidi pale misumari inapokaa, juu baati inaoza kuanzia ku misumari. Muangalie paa la jirani, mtaona.

Na tafadhali, vichuguu! Nimeona maketi za Katanga bila kichuguu hata kimoja, nikauliza hii ni Katanga gani? Kichuguu cha mita 4 kinakuwa sentimeta 4 na nusu tu. Tumia udongo wa kichuguu chenyewe, uutwange, uuchunge, hakuna rangi ya duka inayoufikia.

Mashini mtaniuliza, pesa ya mashini itatoka wapi. Mashini ni ya mwisho, bandugu. Kituo bila treni ni kituo, wengi wetu tumekijua hivyo hivyo. Tuanze na kuta.

Sasa kazi ya pamoja. Kikundi kimekubali kutengeneza tawi la Kipushi, ni kilometa 30 tu na wengi mna ndugu kule. Hakuna kupima wala kupiga foto ya jengo la reli kabla hatujapata karatasi ya ruhusa, hilo tusichezee, barua imeshaandikwa na nitaipeleka mimi mwenyewe. Tukingoja jibu, kazi ni kuuliza. Kila mtu achague mzee mmoja aliyefanya kazi ao aliyeuza ku ile njia, na maswali ni haya: nani aliuza nini, alikaa upande gani, mwaka gani alihama. Bamama mlioko hapa, ninyi mna majibu kuliko bashemino, msiseme hamjui mambo ya treni. Mbao ya kwanza tutaiandika KIPUSHI 1993, juu njo mwaka mgodi ulisimama, na ya pili tutaipa mwaka ambao bamama watatuambia. Daftari liko kwa mlango, andikeni jina na avenue, na wazee wa Makomeno ambao hawaoni vizuri, kijana wa jezi ya bluu atawaandikia.